Mama Fundi Anajibu: Elfu tano ile ile, uniti tofauti

Barua za mwezi huu karibu zote ni za umeme. Nimezipanga mezani pamoja na kikokotoo na daftari langu la kaunta. Tangu 2016 ninaandika humo kila shilingi niliyoweka kwenye mita, katika kila nyumba niliyoishi hapa Tanga: tarehe, hela niliyotoa, uniti nilizopata. Nimefunga nyaya kwenye nyumba za watu kwa miaka ishirini na mitatu. Swali ninaloulizwa nikiwa juu ya ngazi, koleo mkononi, huwa ni hili: hela yangu inaenda wapi? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ukiielewa hiyo, nusu ya risiti yako umeshaisoma.

Shikamoo mama fundi. Mimi ni mama lishe, naishi Mbagala Rangi Tatu, nyumba ni yetu mimi na mume wangu. Mwezi uliopita nilinunua umeme mara tatu, kila mara shilingi 5,000. Tarehe 2 nilipata uniti 28.7. Tarehe 12 nikapata uniti 41. Tarehe 24 nikapata uniti 15.5. Jirani yangu wa ukuta mmoja ananiambia yeye 5,000 yake ni uniti 14 siku zote, labda tu mwanzo wa mwezi zinapungua kidogo. Mita yangu ni mbovu, au kuna mtu anaichezea? Na zile herufi za kwenye risiti, VAT, EWURA na REA, ni za nini?

Marahaba mwanangu. Mita yako ni nzima na hakuna aliyeichezea. Asante kwa kuandika tarehe na uniti za kila mara, maana bila hizo nisingeweza kukusaidia.

Kwanza ujue kwamba mita haijui shilingi. Kile kisanduku kilichopo ukutani kinahesabu uniti peke yake. Bei iko kwenye mfumo wa TANESCO unaokuuzia. Ukituma 5,000, mfumo unapiga hesabu huko huko, unapata uniti zako, halafu unazifungia ndani ya zile tarakimu 20 unazoingiza. Kwa hiyo uniti zikipungua, usianze na mita, anza na risiti.

Sasa tuchukue risiti zako moja moja.

Wewe uko kundi la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani. Bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Juu ya hiyo 100 kuna makato matatu: VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22, kwa hiyo uniti moja inakufikia kwa shilingi 122.

Tarehe 2 ulikuwa unanunua kwa mara ya kwanza mwezi huo. Mfumo ukakata kwanza kodi ya jengo ya mwezi, 1,500, ambayo serikali huikusanya kupitia mita. Zikabaki 3,500. Gawa kwa 122, unapata 28.7. Ndizo ulizopata.

Tarehe 12 kodi ya jengo ilikuwa imeshalipwa. Yote 5,000 ikaenda kwenye umeme: gawa kwa 122, unapata 41. Hapo ulikuwa umeshanunua uniti 69.7 kwa mwezi huo.

Tarehe 24 ndipo ulipoumia. Zilibaki uniti 5.3 tu za bei ya chini, na hizo zilikula shilingi 650. Uniti 75 zikawa zimetimia. Baada ya hapo bei ya D1 inapanda hadi 350 kwa uniti kabla ya makato, ambayo ukiijumlisha na ile asilimia 22 inakuwa 427. Shilingi 4,350 zilizobaki, ukizigawa kwa 427, ni uniti 10.2. Jumlisha na zile 5.3: 15.5. Hesabu imekaa pale pale.

Jirani yako yuko kundi jingine, la T1, la matumizi ya kawaida. Huko hakuna ngazi, kila uniti ni 292, na pamoja na makato ni shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana 5,000 yake ni 14 na 10,000 yake ni 28, na kinachozibadilisha ni ile 1,500 ya mwanzo wa mwezi tu. Hapendelewi. Kwa mwezi ule wewe umepata uniti 85 kwa 15,000, naye kwa hela hiyo hiyo, kodi ya jengo ikishatoka, amepata 38 hivi.

Cha kufanya ni hiki. Mwanzo wa mwezi ukiwa na hela, nunua 10,650 kwa mkupuo. Humo kuna 1,500 ya kodi ya jengo na 9,150 ya uniti 75 kamili. Uniti ulizoweka kwenye mita hazifutiki mwezi ukiisha. Inayopotea ni nafasi ya kununua kwa bei ya chini: ukinunua uniti 40 tu mwezi huu, zile 35 ulizoacha huwezi kuzidai mwezi ujao kwa bei ya 122. Hela ikiwa ya kudunduliza, nunua kidogo kidogo lakini jumlisha. Ukiona umekaribia 75 na mwezi bado unaendelea, nunua ya kukuvusha tu, kisha tarehe 1 ununue ya kutosha. Tarehe 24 ungenunua ya 1,000 ungepata uniti 6.1, na kama mita ilikuwa na akiba kidogo ungejikokota mpaka tarehe 1.

Uniti 75 kwa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Iandike chaki nyuma ya mlango. Asubuhi soma namba kwenye mita, kesho yake saa ile ile usome tena, uone imeshuka kiasi gani. Kwa biashara ya chakula nadhani una friji ya vinywaji, na kwenye nyumba nyingi nilizopima, hilo ndilo linalokula kimya kimya, hasa mpira wa mlango ukiwa umelegea. Chomeka karatasi kwenye mlango wa friji, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukaza, baridi inavuja na mota haipumziki.

Umeniuliza mwishoni mwa barua zile herufi ni za nini. VAT unaijua, ni kodi ya ongezeko la thamani. EWURA ni mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, asilimia 1 ni ya kuiendesha. REA ni Wakala wa Nishati Vijijini, na asilimia 3 ile inaingia kwenye mfuko wa kupeleka umeme vijijini. Hiyo nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Kijiji cha mama yangu, ndani huko Muheza, kilipata umeme kwa mradi wa REA, na nyumba ya bibi iliunganishwa kwa shilingi 27,000. Nilifunga nyaya zile mwenyewe. Taa mbili, soketi moja. Bibi aliwasha na kuzima swichi ya sebuleni mara nyingi mno, kisha akakaa kwenye kigoda chini ya taa akachambua mchele saa mbili usiku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake bila kibatari. Kwenye risiti ya 10,000 ya T1, mchango wa REA ni shilingi 245 na senti 90. Mimi nailipa kwa moyo mmoja.

Mama fundi, mimi ni mpangaji, Mabatini, Mwanza. Nyumba ni ya kawaida, ina vyumba vinne na kila chumba kina mita yake. Kila mwanzo wa mwezi wapangaji wote wanne tunakatwa 1,500. Mwenye nyumba anasema hiyo ni kodi ya serikali, kila mwenye mita ailipe. Ni kweli?

Kwamba ni kodi ya serikali ni kweli. Kwamba ni yako wewe, hapana.

Hiyo ni kodi ya majengo. Ilianza kukusanywa kupitia LUKU, yaani mita zetu za umeme wa kulipia kabla, tarehe 20 Agosti 2021, wakati huo ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka wa fedha wa 2023/24 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ni kodi ya jengo na mdaiwa wake ni mwenye jengo. Imepitishwa kwenye mita kwa sababu ni rahisi kuikusanya pale, na kwa bahati mbaya anayesimama mbele ya mita ni mpangaji.

Tazama hesabu ya nyumba yenu. Jengo moja la kawaida linadaiwa 18,000 kwa mwaka. Ninyi wanne mnakatwa 6,000 kila mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka, kwa jengo hilo hilo moja. Hiyo ni mara nne ya inachodaiwa nyumba! Mwenye nyumba akiwa mtu wa kuelewa, mwonyeshe hesabu hii. Anatakiwa achukue namba za mita zote nne aende ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, aeleze kwamba zote ziko kwenye jengo moja, ili deni libaki kwenye mita moja. Ninyi hamwezi kumfanyia hilo, ni lazima aende yeye au mtu aliyemtuma.

Na ile 1,500 itakayobaki, anayekatwa anayo haki ya kurudishiwa kwenye kodi ya chumba. Hapa nazungumza kwa lililonipata. Kodi hii ilipoanza nilikuwa bado mpangaji. Mwenye nyumba wangu wa wakati ule alikataa kabisa kusikia habari ya kukata. Sikugombana naye. Kila mwezi niliandika kwenye daftari tarehe na kiasi, na risiti za simu nikazihifadhi. Mwaka ulipotimia nikampelekea karatasi moja: mistari kumi na miwili, jumla 12,000 kwa bei ya wakati ule, na namba ya mita juu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaiweka mfukoni. Nilipokwenda kulipa kodi ya miezi sita iliyofuata akaniambia toa pungufu ya 12,000. Sikuongeza neno, nikashukuru.

Kwenye mkataba mpya wa kupanga, liandikeni. Mstari mmoja unatosha: kodi ya jengo itakayokatwa kwenye LUKU itatolewa kwenye kodi ya pango.

Habari za kazi fundi. Sisi tuko familia tano kwenye nyumba moja Manzese. Mita ya LUKU ni moja, iko chumbani kwa mwenye nyumba. Sisi ametufungia mita ndogo na anatutoza 500 kwa uniti. Natumia kama uniti 40 kwa mwezi: taa, feni, televisheni, kuchaji simu. Je, 500 ni bei halali?

Salama ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nyumba kama yenu nimezifanyia kazi nyingi mno.

Anza na bei anayonunulia yeye. Familia tano mkitumia uniti 40 kila moja ni 200 kwa mwezi, mita ya namna hiyo kwa kawaida iko T1. Kwa hiyo yeye uniti inamfikia kwa 356. Akiwauzia 500, kila uniti inamwachia karibu 144. Atasema anafidia taa ya korido na pampu ya maji. Sawa, hizo zina gharama. Lakini mwambieni azipime. Taa ya uani ya wati 10 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa mwezi ni uniti 3.6. Ninyi kwa pamoja mnamwachia zaidi ya 28,000 kila mwezi juu ya bei ya LUKU.

Linaloniuma mimi ni jingine. Uniti 40 ulizotumia wewe, kama ungekuwa na mita yako kwenye D1, zingekugharimu 4,880. Kwa T1 ni 14,250. Kwa mwenye nyumba wako ni 20,000. Bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya mtu wa taa na feni kama wewe, lakini inahesabiwa kwa mita, haihesabiwi kwa kaya. Mkirundikwa watano kwenye mita moja, mnaonekana kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Mwenye chumba kimoja analipa uniti ghali kuliko mwenye nyumba nzima na jokofu mbili. Hili nimelisema kwenye kila mkutano wa wateja niliowahi kuhudhuria, na nitaendelea kulisema mpaka mpango ubadilike.

Ukipata kibali cha mwenye nyumba, kuunganishiwa mita mjini ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo ni 320,960. Ni hela nyingi. Lakini tofauti ya 20,000 na 4,880 ni 15,120 kila mwezi, na kwa mwendo huo gharama inarudi ndani ya miezi 21 au 22. Kama unategemea kukaa hapo miaka mitatu, inalipa. Ukipewa mita uliza umewekwa kundi gani, D1 au T1, usisubiri kugundua kwenye risiti ya kwanza. Kama ni T1 na matumizi yako ni madogo, peleka ombi ofisi ya TANESCO ya wilaya, wanayo kumbukumbu ya manunuzi yako na wanaweza kuona. Wasipokusikiliza kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, na kupeleka malalamiko huko hakuna malipo.

Kama mita mpya haiwezekani, basi kaeni na mwenye nyumba mkiwa watano, na karatasi mkononi: risiti zake za mwezi, na namba za mita ndogo mlizosoma wote pamoja tarehe moja. Mwombeni awauzie kwa bei ya risiti na taa ya uani mgawane. Mita ndogo zenyewe nazo zikaguliwe. Zimeni kila kitu chumbani kwako, hata chaja, kisha mtazame ile ya kwako dakika kumi. Kisahani kikiendelea kuzunguka au kitaa kikiendelea kupepesa, kuna waya wa mwingine umepita kwako. Hapo mwite fundi mwenye leseni.

Salaam aleikum bi fundi. Mimi ni wa Likoni, Mombasa. Sisi huku twanunua tokeni, lakini mia tano ya mwezi huu si mia tano ya mwezi uliopita, na bei hatukutangaziwa kupanda. Ujumbe waonyesha kiasi cha tokeni na chini yake makato mengine. Hayo makato mengine ni yepi?

Waaleikum salaam. Mombasa si mbali na sisi, dada yangu ameolewa Majengo na hunitumia risiti zake, kwa hiyo za kwenu nazijua kiasi.

Tofauti kubwa ya risiti yako na ya Mbagala ni hii: ya Mbagala makato yake ni asilimia zisizobadilika, ya kwenu ina vipande vinavyosogea kila mwezi. Kikubwa ni gharama ya mafuta. Kenya inapata umeme mwingi wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, Naivasha, na wa mabwawa ya mto Tana kama Masinga na Kiambere. Mvua ikikosekana na maji yakashuka, mitambo ya mafuta inafanya kazi zaidi, ikiwemo ile ya Kipevu huko huko kwenu Mombasa. Mafuta yale yananunuliwa, na gharama yake inagawanywa kwa kila uniti inayouzwa nchini. EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati huko kwenu, huitangaza kila mwezi kwenye Gazeti la Serikali. Hilo ndilo tangazo ambalo watu hawalioni. Kuna na marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, nayo husogea kila mwezi, na ya mfumuko wa bei, ambayo hayabadiliki mara nyingi hivyo.

Vilivyobaki ni tozo ya umeme vijijini, asilimia 5 ya bei ya umeme wenyewe, tozo ndogo ya EPRA, tozo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa umeme wa mabwawa, na VAT asilimia 16. VAT hiyo haikamati bei ya umeme peke yake, inakamata na gharama ya mafuta. Mafuta yakipanda, kodi nayo inapanda juu yake.

Lakini kabla ya kulaumu mafuta, tazama matumizi yako. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya watumiaji wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, zamani ilikuwa 100. Kundi lako linapimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Kama Ramadhani mlikuwa na wageni, feni usiku kucha, pasi ya kanzu kila siku, wastani ulipanda na huenda umehamishwa kundi mwezi ambao wewe unaona umetumia kidogo. Chukua ujumbe wa miezi mitatu, jumlisha uniti, gawa kwa tatu. Ukipata 30 au chini yake uko salama, ukizidi hapo ndipo bei ilipobadilika. Kurudi chini nako ni kwa wastani huo huo, kwa hiyo subira.

Mama, shikamoo. Nyumba ya marehemu baba iko Lindi mjini, tuliifunga mama alipohamia kwangu Dar. Mara ya mwisho kununua umeme ilikuwa Februari 2024. Juni 2025 mama alitaka kurudi kwao, nikanunua 30,000 tuwashe taa. Nimepata uniti 16.8. Zaidi ya hayo ujumbe ulikuja na tarakimu nyingi, mafungu matatu, nikaingiza la mwisho mita ikakataa. Nimeibiwa?

Marahaba. Mwambie mama karibu kwao, na hujaibiwa.

Kuanzia Machi 2024 hadi Juni 2025 ni miezi 16. Kodi ya jengo haikulala kwa kuwa nyumba ilifungwa, iliendelea kujihesabu 1,500 kila mwezi ikakusubiri: 24,000. Kwenye risiti itafute kwenye mstari wa deni. Zikabaki 6,000 za umeme, na kwa T1 hizo ni uniti 16.8.

Yale mafungu matatu yana sababu yake. Mita za tokeni za aina ya LUKU ulimwenguni kote zilikuwa na ukomo wa kuhesabu tarehe, ulioishia 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walipewa tarakimu za kuiboresha mita, na mita yenu ilikuwa imelala gizani. Kwa hiyo ingiza fungu la kwanza lenye tarakimu 20, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri mita ikubali. Ingiza la pili, vivyo hivyo. La tatu ndilo lenye uniti. Ukianza na la tatu itakataa, kama ulivyoona. Fanya mchana, na mtu mmoja akusomee mwingine abonyeze, tarakimu nne nne, maana namba za kwenye vitufe vya mita za zamani huwa zimefutika.

Mama akishahamia, kuna jambo moja la kwenda kuuliza TRA Lindi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato ana msamaha wa kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Hauji wenyewe, unaombwa. Nyumba bado ina jina la baba, kwa hiyo beba karatasi za mirathi, kitambulisho cha mama na namba ya mita. Na kabla hamjawasha chochote, mwite fundi afungue ile soketi ya jikoni na boksi la fyuzi. Nyumba iliyofungwa zaidi ya mwaka panya hutafuna nyaya, na mijusi huingia ndani ya soketi. Nimewakuta wote wawili, siku moja, kwenye nyumba moja ya Pangani, na ule waya ulikuwa umebaki shaba tupu nyuma ya kabati la vyombo.